Maji Aliyoachiwa Muumba

Mama yangu mzazi alikunywa maji ya Mungu. Alikunywa bakuli zima, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, na mimi nimekaa pale pale mkekani na tumbo langu la miezi minane, sijui nicheke au nilie. Watu wa rika langu hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda, bado wanakikumbuka kisa hiki na kunitania nikipita sokoni. Wanitanie tu. Walichokiona wao ni kichekesho. Hawakuona namna mama alivyokataa baadaye kumshika mjukuu wake, mjukuu aliyemwombea kwa machozi, kwa sababu ya bakuli lile lile. Mtu mpole angewasimulia haya taratibu. Mimi si mpole, na nikiyakumbuka bado damu inanichemka.

Nianze na mabukwe. Ndivyo tunavyomwita mama wa mume huku kwetu. Alikuwa mkulima wa Nkungu, kule juu kwenye baridi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Aliteremka kwetu mimba yangu ikiwa changa, hakuitwa na mtu, kikapu cha viazi vitamu kichwani, akasimama mlangoni akasema, "Nimekuja kukaa na tumbo." Hakusema amekuja kukaa nami. Sikumlaumu, maana mimba mbili zilikuwa zimenitoka kabla ya ile, na kila mtu nyumbani alikuwa akilitazama tumbo langu kuliko uso wangu.

Na niwaambie kitu kuhusu zile mbili. Mara zote watu walikuja kunipa pole na sentensi moja mdomoni: kazi ya Mungu haina makosa. Jamani! Ni sentensi nzuri sana ukiwa na mtoto mgongoni. Mimi niliyekuwa nimezika kitambaa nyuma ya nyumba nilitaka kumuuliza mmoja wao, basi nimezika nini pale, kazi au kosa? Kanisani walipoimba kumsifu Muumba wa milima na ziwa, nilifunga mdomo. Sikumkana Mungu, hapana. Nilikuwa nimemnunia.

Jioni ya kwanza tu, mabukwe alichukua bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, akachota maji safi mtungini, akaliweka karibu na kichwa cha kitanda changu, akalifunika kwa sahani.

"Ya nini hayo, Maman?"

"Ya Rurema," akasema.

Rurema ni jina la Mungu kwa Kinyarwanda, Mungu akiwa kazini, Mungu anayeumba. Mabukwe alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni: mtoto anafinyangwa tumboni usiku, watu wakiwa wamelala, na udongo unataka maji. Mwanamke anayelala bila kuacha maji ndani ya nyumba anamwacha Fundi mikono mikavu. Tena, akasema, Mungu anashinda nchi za watu mchana kutwa, lakini kulala analala Rwanda. Kwa hiyo ni lazima akute maji.

Nilimkatiza kwa ukali. "Na wale wawili? Maji hayakuwepo?"

Hakukasirika. Alirekebisha sahani juu ya bakuli. "Sijui, mwanangu. Mimi naweka maji. Kuumba si kazi yangu."

Mimi ni mtoto wa nyumba ya Kiprotestanti ya Bukavu. Nilipaswa kumwambia kwetu hatufanyi hivyo. Sikusema. Kwanza nilikuwa nimechoka kupoteza. Angeniambia nilale na jembe kitandani ningelilaza ubavuni. Pili, na hili ndilo kubwa, lile neno lilinituliza. Kanisani Mungu alikuwa mbali, ana shughuli na jua na mwezi. Kwa mabukwe alikuwa chumbani kwangu, amekunja mikono ya shati, anamshughulikia huyu mmoja tu. Nilianza kulala usingizi. Wiki zikapita, mimba ikakaa.

Sasa mama yangu. Wakati ule ng'ambo ya mto bado ikiitwa Zaire, naye alikuwa anauza sabuni Bukavu na kuvuka daraja la Rusizi kuja kwetu kila alipopata nafasi, furushi kichwani, akibishana na watu wa forodha tangu mwanzo wa daraja mpaka mwisho. Mfupi, mnene, sauti kubwa. Alikuwa shemasi, na ndiye aliyefundisha watoto wa parokia habari ya kuumbwa kwa ulimwengu. Aliijua sura ya kwanza kwa kichwa, siku kwa siku, nuru mpaka binadamu, na alipokuwa anaisimulia hata mbuzi wa jirani walinyamaza. Lililompendeza zaidi ni kwamba Mungu hakugusa kitu. Alisema tu. "Alisemaka, na vitu vikakuwa," alizoea kutuambia tukiwa wadogo. "Bafalme ya dunia banapiga kelele na hakuna kitu inatokea. Yeye alisema mara moja."

Alifika kwetu jioni moja ya jua kali, amevuka kwa miguu, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji tangu asubuhi, mtungi ulikuwa mkavu, na maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa yale tu ambayo mabukwe alikuwa amekwisha kuyaweka bakulini. Mama akaingia chumbani kunisalimu, akaona bakuli limefunikwa vizuri. Akadhani mkwe wangu ameniwekea mimi maji ya kunywa. Akafunua, akainua, akapiga mafunda.

Mabukwe akatokea mlangoni. Nilimwona akishika kichwa.

"Bamwana!" Ndivyo wazazi wa mume na wa mke wanavyoitana. "Bamwana, hayo ni ya Mungu!"

Mama akashusha bakuli. Lilikuwa limebaki nusu. Akauliza ya Mungu namna gani, akaelezwa, na nikaona kifua chake kikipanda. Nilimjua mama yangu. Nikasema moyoni, leo kazi ipo.

"Mungu iko na kiu?" akauliza. "Mungu aliyetengeneza bahari na Kivu yote, anangojea bakuli ya bamwana?" Akaliinua tena, akamaliza maji yote, na akaligeuza juu chini ili tuone. "Akikuwa na kiu, ziwa iko pale chini. Aende akunywe."

Ehe! Ikawa vita. Mabukwe, yule asiye na maneno, aliyatoa yote aliyokuwa ameyaweka akiba tangu azaliwe. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kisha kwa Mashi, lugha ya kwao, kisha kwa Kifaransa cha kanisani. Mabukwe alipofika kwenye habari ya Mungu kushinda kwingine na kulala Rwanda, mama alipiga makofi. "Kumbe! Mchana anashinda kwetu, tunamuchosha sisi, halafu anakuja kulala kwenu na hata chakula hamumupe, munamupa mayi!" Mimi nikaanza kucheka na tumbo likaniuma, nikawapigia kelele wote wawili kwamba wataniua kabla Mungu hajamaliza.

Aliyewanyamazisha ni mume wangu, akirudi kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Ni fundi wa kujenga. Alisikiliza kwanza huku, akasikiliza na huku, akakaa kwenye kigoda akavua viatu. "Mama zangu," akasema, "hiyo Biblia ina sura ya kwanza na sura ya pili. Katika ya kwanza Mungu anasema na kitu kinakuwa. Katika ya pili anachukua mavumbi ya nchi anamtengeneza mtu. Mama wa Bukavu amehamia sura ya kwanza, mama wa Nkungu ana kiwanja chake sura ya pili. Ni majirani, ugomvi wa nini? Ila mimi kama fundi, sijawahi kuona mavumbi yakishikana bila maji." Usiku ule tukalala bila tone la maji ndani ya nyumba.

Kesho yake bomba likatoa. Jioni mabukwe akaweka bakuli lake kama kawaida, ila safari hii juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mama na ufupi wake asingefika hata kwa kuruka. Mama aliliona, akaguna, akaendelea kukatakata sombe, majani ya muhogo. Kabla mama hajaondoka walikuwa wanacheka pamoja. Mume wangu, mdomo wake mwepesi, alikipeleka kisa kibarazani kwa jirani yetu fundi cherehani, Mwislamu mmoja mcheshi sana. Yule alicheka mpaka akaangusha mkasi, akasema kwao pia Mungu akikiambia kitu kuwa, huwa, lakini atamwambia mke wake aache maji hata hivyo, hayagombani. Baada ya wiki moja mtaa mzima ulijua, na kila aliyekuja kunisalimu alichungulia kwanza juu ya kabati.

Mtoto alizaliwa asubuhi, analia kwa nguvu, msichana. Nasema kwa kinywa changu: niliposikia kile kilio nilimsamehe Mungu kila kitu. Kisha muuguzi akamfungua kitambaa kumpima. Unyayo wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani, kisigino kimepanda, kidole gumba kinatazama mguu wa pili. Muuguzi alikuwa mtu mwema. Alisema amekwisha kuona hali hiyo, kwamba kuna namna ya kuunyosha kwa plasta, pole pole, mtoto akiwa bado laini. Nilimsikia na sikumsikia. Nilikuwa naufunika mguu, nikiufunua, nikiufunika.

Msikae na wasiwasi, nitawaambia sasa hivi: yule binti anatembea. Plasta zilimliza na kuniliza, mguu ukanyooka kiasi, akabaki anachechemea kidogo, na leo ana watoto wake mwenyewe na akikasirika anatembea haraka kunishinda. Mdomo amerithi kwa mama yangu. Habari ninayoisimulia si ya mguu.

Mama alifika siku ya pili. Nilimsikia kabla sijamwona, anaimba tangu barabarani. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa chumbani, mabukwe anawagawia uji. Mama akaingia, akaweka furushi chini bila kuangalia limeangukia wapi, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipeni mutoto wangu!" Nikamwinua mtoto kumpa, na kitambaa kikateleza, mguu ukatoka.

Wote tuliuona mama alipouona. Mikono ilikuwa bado imenyooshwa. Na hapo hapo mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu, mtu wa kwaya kabisa, mtu wa kuvaa nguo nyeupe, akamwegemea mwenzake na kusema kwa ule mnong'ono wa kusikika na wote, "Lo! Si ndiye aliyekunywa maji ya Rurema? Basi usiku ule alikuwa amefika miguuni." Akamalizia, "Haya, kazi ya Mungu haina makosa."

Nilimtupia kandambili. Ilimpata begani, na nikatafuta ya pili. Kama haina makosa, nilimwambia, mbona unainong'ona? Toka! Alitoka, na wengine wakatoka nyuma yake wakishika midomo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Mama alikuwa amerudisha mikono yake, ameifunga kwapani.

"Mshike, mama," nikasema.

"Niko na mafua," akasema. "Nisimuambukize mutoto."

Hakuwa na mafua. Alikaa kidogo kwenye kigoda mbali na kitanda, akauliza kama nimekula, akamtazama mtoto kwa jicho la pembeni, akaondoka kabla ya uji kupoa. Mama yangu, aliyeitemea mate kila imani ya kishirikina, aliyefundisha watoto wa Bukavu kwamba Mungu anasema tu na inakuwa, alikuwa anaamini kwamba amempinda mjukuu wake mguu kwa kiu yake ya jioni moja. Nililia siku ile kuliko siku ya kuzaa.

Nilituma salamu kwa wachuuzi wanaovuka kila siku. Majibu yakarudi. Bado ana mafua. Sabuni hazijauzwa. Kuna kikao cha mashemasi. Kila jibu lilinipandisha hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwamba mama yangu ataishi ng'ambo ya mto mdogo kama ule mpaka afe na mtoto wangu hatajua uzito wa mikono yake. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikuitamka kwa mtu: mabukwe naye anawaza nini? Yeye ndiye mwenye maji. Alikuwa anamwogesha mtoto, ananipikia, anafua vitambaa, na hasemi kitu. Nikimtazama usoni nilikuwa sioni mlango wala dirisha.

Siku ya kumpa mtoto jina ikakaribia. Kwetu huku jambo hili lina watu wake na chakula chake, watoto wa mtaa wanaalikwa, kila mmoja anapendekeza jina lake la ajabu ajabu, kisha wakubwa wanatoa jina lenyewe. Mume wangu alikuwa amekwisha kuagiza pombe ya ndizi na maharage. Mabukwe akamwambia, "Rudisha."

"Nirudishe nini, mama?"

"Mtoto haitwi jina bibi yake akiwa mafichoni. Kesho naenda kumchukua."

Sasa mjue kwamba mabukwe hakuwahi kuvuka daraja la Rusizi katika maisha yake. Alikuwa analiogopa, mbao zile zenye nafasi ambamo unaona maji yakikimbia chini ya miguu yako. Mume wangu akataka kumsindikiza. Akamruhusu mpaka mwanzo wa daraja, hapo akamwambia arudi, haya ni mambo ya wanawake. Mlinzi alimuuliza anapeleka nini Zaire. "Sipeleki," akasema. "Nakwenda kuchukua." Mume wangu alisimama akimtazama mama yake anavuka ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, anapitwa na wabeba mizigo wanaomwambia "Songa, Maman, songa", wala hakusonga.

Yaliyotokea Bukavu niliyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akijipa ushindi. Lakini katika haya wanakubaliana.

Mabukwe alimkuta mama uani amekaa na sabuni zake, hajafunga hata kitambaa kichwani. Akakataa kiti. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Bamwana, nimekuja kumsalimu mungu mpya."

"Mungu gani?"

"Nimeambiwa Bukavu hapa kuna mungu anayekaa upande huu wa mto na kupinda miguu ya watoto wa ng'ambo. Nikasema huyu lazima nimwone. Yule wetu wa zamani anafanya kazi peke yake. Au mwanzoni kabisa aliposema na tumfanye mtu, alikuwa anaongea na wewe?"

Mama alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio, akamwambia asimchekeshe, maana ameharibu mtoto wa watu. Akasema analala anaona bakuli. Akasema, na hapa alipokuwa akinisimulia sauti yake ilishuka, "Mimi shemasi, nimefundisha batoto miaka yote, na moyo yangu inaniambia nilimunyima Mungu mayi."

Mabukwe ndipo akakaa. Akakaa chini, kwenye udongo wa uani, karibu naye.

"Siku ya kwanza nilipouona mguu," akasema, "mimi pia niliwaza hivyo. Nisikufiche. Nilikuchukia siku nzima nikiosha vyombo. Halafu nikajisikia ninavyowaza, nikaona aibu. Nimemfanya Rurema fundi wa kukwama, kwamba maji yakikosekana jioni moja anatupa kazi na kwenda zake. Mwanangu tu, huyu wa saruji, bomba likikauka anakwenda mtoni. Mungu atashindwa?"

Mama akamuuliza swali ambalo hata mimi ningemuuliza. "Basi kwa nini unawekaka mayi, kama hayahitaji?"

"Mume wako alipokuwa hai, akirudi kazini, hukumwekea maji ya kunawa? Alikosa mikono ya kujitekea? Unaweka ili ajue nyumba hii inamjua anayeifanyia kazi. Basi. Mimi sina kwaya, bamwana, sijui kusoma ile sura yako. Nina maji."

Walikaa pale mpaka jua likapita katikati. Mama akasema hana nguvu za kuvuka, mabukwe akasema hata yeye hana, alivuka kwa hasira tu na imekwisha, watashikana.

Walirudi alasiri, mvua imeanza, wameshikana kweli, yule mrefu na yule mfupi, kanga moja vichwani mwao. Nilikuwa nimemtayarishia mama maneno makali. Nilikuwa nayo yote, yamepangwa: kwamba aibu yake ameipenda kuliko mtoto wangu, kwamba mimi nilizika wawili na hakuna aliyekimbilia ng'ambo ya mto. Nilipomwona mlangoni alivyokonda mashavu, maneno yakaniishia. Nikasema tu, "Karibu, mama."

Mabukwe hakumpa nafasi ya kigoda wala ya mafua. Alimkalisha mkekani, akamtoa mtoto mikononi mwangu, akamweka kwenye mapaja ya mama, akafungua vitambaa vyote mpaka mtoto akabaki uchi anarusha mikono, akaweka kichupa cha mafuta pembeni. Kwetu bibi ndiye anayempaka mtoto mafuta na kumnyoosha viungo. Zilikuwa zimepita siku hizo zote bila bibi huyu kufanya zamu yake.

Mama alimimina mafuta kiganjani. Alianza kichwani. Alisema polepole, si kwa sauti ya kanisani, kwa sauti ambayo sikuijua. "Kichwa hii, umeiumba Wewe. Asante." Akashuka. "Macho haya, umeyaumba Wewe. Masikio haya," akayatazama, "ni ya baba yake, makubwa, lakini umeyaumba Wewe, asante vilevile." Mume wangu mlangoni akaguna. Mabega, vidole, kitovu kilichokuwa bado kinakauka, mgongo. Paja la kulia, goti, unyayo, kila kidole. Kisha paja la kushoto. Kisha goti.

Hapo mkono ukasimama. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kiganjani yakidondokea mkeka. Mvua ilikuwa inapiga bati, na sisi watatu tunamtazama. Nilitaka kumrukia nimchukue mwanangu. Kweli, nilikuwa nimeshainuka nusu. Mabukwe alinishika goti akanirudisha chini.

"Bamwana," akasema. "Yeye alishamaliza. Umebaki wewe."

Mama akaushika mguu. Aliushika kwa mikono yote miwili, ukapotea kabisa ndani ya mikono ile minene ya sabuni, na machozi yakamtoka.

"Na mguu hii," akasema. "Na mguu hii umeiumba Wewe. Wewe, Mungu wangu. Hapana mimi."

Akarudia. Wewe, hapana mimi. Alirudia mpaka ile sauti yake ya ushemasi ikamrudia, kubwa, ya kusikika barabarani, mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia kwa nguvu, na mimi nikanyoosha mikono kumchukua nimbembeleze, na mama hakunipa.